Flashi ya kichwa kinachozunguka: nimeharibu nusu mkanda kwenye sendofu, naomba mnieleweshe

#1 FremuYaMwisho

Wakuu habari zenu, na wakubwa wote shikamooni.

Nina Pentax K1000 niliyorithi kwa marehemu baba mdogo. Miezi minane sasa napiga mkanda tu, mara nyingi wa ASA 400 (kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga). Mchana nimeshaizoea. Shida yangu ni usiku na ndani ya nyumba.

Jumamosi ya juzi juzi binamu yangu alikuwa na sendofu, ikafanyikia nyumbani kwa shangazi. Mpiga picha wa kamati alikuwepo na dijitali yake, mimi nikaenda na mkanda mmoja wa picha 36 kama zawadi yangu. Nikaazima flashi ya kizamani, ile ambayo kichwa kinanyanyuka kwenda juu ila hakigeuki kushoto wala kulia. Nilishasikia kwamba flashi ya kumulika usoni inaharibu picha, dawa ni kuielekeza darini mwanga udunde ushuke ukiwa laini. Sebule ya shangazi ina dari ya jipsamu, nyeupe pee. Nikasema leo ni leo.

Mkanda nimeuchukua jana kwa msafishaji. Zile nilizopiga kamera ikiwa imelala ni nzuri mpaka nimeziangalia mara tatu. Shangazi anacheka, uso umetulia, hakuna ule mng'ao wa mafuta kwenye paji. Ila zile nilizosimamisha kamera ili nimpate binti mzima na gauni lake, nusu ya uso ni ya kijani! Kijani cha nyanya mbichi. Nusu ya pili iko sawa. Zipo 11, zote hivyo hivyo. Halafu kuna tatu nyingine zimekatwa na giza upande mmoja, kama mtu alivuta pazia.

Msafishaji anasema mkanda umeoza. Tarehe yake haijafika. Nini hiki wakuu?

#2 KaribuGizani

Ukuta wa sebule ya shangazi una rangi gani?

#3 FremuYaMwisho

Kijani.

Aisee. Subiri kwanza.

#4 MzeeWaStudio

Marahaba mwanangu. Huyo aliyekuuliza rangi ya ukuta amemaliza kesi, mimi nitakueleza tu ilivyotokea.

Flashi yako kichwa kinanyanyuka tu. Kamera ikilala, kunyanyuka maana yake ni kutazama dari. Ukiisimamisha kamera, flashi nayo imelala ubavu, na kile ulichokuwa unakiita juu sasa ni pembeni. Kwa hiyo kila ulipomsimamisha bibi harusi ulikuwa unaupiga mwanga wote kwenye ukuta wa shangazi, ukuta ukautia rangi yake, ndipo ukamrudishia binti. Msafishaji hana kosa katika hilo, ingawa kusema mkanda umeoza ni uvivu. Mkanda uliooza unachafuka picha nzima, hauchagui shavu.

Na usimlaumu pia kwamba hakuirekebisha rangi kwenye skani. Akiivuta kijani itoke shavu la kushoto, la kulia litageuka zambarau. Picha moja ina taa za rangi mbili, hakuna kitufe cha hilo.

Hii ndiyo sababu watu tulikuwa tunatafuta flashi yenye kichwa cha pande mbili, kinachonyanyuka na kinachozunguka. Vivitar 283 waliiuza kwa wingi kweli kweli, mashine ngumu, lakini hainyanyui zaidi ya juu na chini. Ukitaka inayozunguka utafute mfano wa Sunpak 383, au Canon 299T, au Nikon SB-24 ile iliyokuja 1988 pamoja na kamera ya F4. Zote hizo zina hali ya kujitegemea, yaani zinajipimia mwanga zenyewe, kwa hiyo hata juu ya Pentax yako zitafanya kazi.

Sasa sikiliza hili maana wengi wanalikosea hata wakishaipata. Kamera ikiwa wima, usikinyanyue kichwa. Kiache kimenyooka mbele kama unataka kummulika mtu, halafu kizungushe nyuzi 90 kuelekea upande ulio juu. Hapo ndipo kinaangalia dari. Ukikinyanyua kwanza ndipo ukakizungusha, utabaki unazungusha mwanga ukutani. Jaribu mkononi bila kamera utaona.

Zile tatu za pazia: uliweka shata namba ngapi?

#5 FremuYaMwisho

Nilianza na 60 mzee. Inawezekana kidole kiliisogeza, maana baadaye niliikuta kwenye 125 nikairudisha.

#6 MzeeWaStudio

Ndiyo hapo. K1000 mwisho wake na flashi ni 1/60. Shata ni mapazia mawili mbele ya mkanda. Ukipanda 1/125 pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza njia, flashi inawaka dirisha likiwa nusu. Pazia la Pentax ni kitambaa kinachokwenda pembeni, ndiyo maana giza limekaa ubavuni. Nikon FM2 pazia lake linashuka wima, kwa hiyo ukikosea giza linakuwa juu au chini. Ila FM2 inavumilia mpaka 1/200, na zile za baadaye 1/250.

#7 HalisiBilaPamba

Mimi naomba nitofautiane kidogo na wazee wangu.

Hii habari kwamba flashi ya usoni "inaharibu picha" imekuwa dini. Malick Sidibé kule Bamako miaka ya sitini alikuwa anazunguka na kamera na flashi yake kwenye sherehe za vijana, mwanga wa moja kwa moja, kivuli kigumu ukutani nyuma yao, na picha zile zimempeleka mpaka Venice akapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu 2007. Nguvu ya zile picha ni huo huo mwanga mkali, unaona jasho, unaona viatu, unaona suti imepigwa pasi. Ukidundisha darini kila kitu kinakuwa kama tangazo la benki.

Na mkanda wenyewe ni picha 36. Ukipiga moja kwa moja hesabu ni rahisi, hukosei.

#8 DadaMpigaHarusi

Kaka @HalisiBilaPamba, kwa vijana wanaocheza muziki nakubaliana na wewe asilimia zote. Lakini mimi nalipwa na mama wa bibi harusi. Mama wa bibi harusi amepakwa poda, amekaa kwenye kochi tangu saa kumi, joto la Dar, na anataka aonekane kama alivyojiona kwenye kioo. Ukimmulika usoni, ngozi yetu hii nyeusi inarudisha ule mwanga mdogo mkali kama kioo: doa jeupe kwenye paji, doa kwenye pua, na huku shavuni giza. Doa likishakuwa jeupe tupu huna cha kulifanya. Ukidundisha, doa lenyewe linatanuka kwa sababu taa sasa ni dari nzima, linageuka mng'ao wa kawaida unaoonyesha uso una umbo. Ngozi nyeusi inapenda taa pana. Hii nimeiona kwenye kazi zangu mwenyewe.

Mleta uzi, nikuongezee la macho. Dari peke yake, hasa mtu akiwa karibu yako, inampa mashimo meusi kwenye macho, kwa sababu mwanga unatoka utosini. Mimi natumia kadi ya mchango. Kila harusi utapata, na nyuma ni nyeupe. Naikunja kidogo, naifunga nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira wa kufungia pesa, inachomoza kama vidole vitatu juu ya kioo. Mwanga mwingi unakwenda darini, kidogo unagonga kadi na kwenda mbele, macho yanapata nukta ya uhai. Angalia tu kadi isizibe kile kijicho cha mbele cha flashi. Mara ya kwanza niliziba, nikapata picha nyeupe tupu.

#9 FremuYaMwisho

Dada asante sana. Kijicho ndiyo kipi? Na mnajuaje uweke f ngapi, yaani tundu la lenzi? Mimi kwenye zile za kulala niliweka 5.6 kwa kubahatisha.

#10 KaribuGizani

Bahati yako kubwa. Ngoja nikuandikie vizuri, maana kwenye mkanda huna kioo cha kuangalia nyuma.

Flashi ina namba yake ya nguvu, chukulia 36 kwa mita, ASA 100. Ukienda ASA 400 inakuwa 72, yaani mara mbili. Moja kwa moja, mtu akiwa mita 3, unagawanya: 72 kwa 3 ni 24, weka f/22. Kazi imekwisha.

Ukidundisha, mwanga haupiti njia ile. Chukua sebule ya kawaida, dari mita 2.7, flashi iko usawa wa jicho lako mita 1.6, na uso wa mtu usawa huo huo. Mwanga unapanda mita 1.1, unashuka 1.1, na huku unakwenda mbele mita 3. Njia yote ni kama mita 3.7. 72 kwa 3.7 ni 19 na kitu. Kisha dari inakula. Hata iwe nyeupe, inatawanya mwanga kila upande, na wa kwako ni ule tu uliobahatika kushuka usoni. Kadiria stopu mbili, kila stopu ni nusu ya mwanga. Stopu mbili ni kugawa f kwa 2, inabaki 9.7. Weka f/8. Kwenye negativu ukizidisha mwanga kidogo hauumii, ukipunguza unaumia, kwa hiyo mimi kwenye shaka nafungua. Slaidi (mkanda unaotoa picha yenyewe, si negativu) ni mambo mengine, huko usicheze.

Hiyo ni kwa nguvu zote. Wewe ulikuwa f/5.6, stopu moja zaidi, negativu ikasamehe.

Sasa nenda ukumbini, dari mita 6. Inapanda 4.4, inashuka 4.4, mtu yuko mita 4. Njia inafika karibu mita 9.7. 72 kwa hiyo ni 7.4, toa stopu mbili, 3.7. Umeshafika f/3.5, na hapo nimechukulia dari nyeupe! Ikiwa ya mbao iliyopakwa vanishi, funga virago. Watu wanapanda na flashi kwenye dari ya kanisa kama wanataka kumulika malaika, halafu wanasema mkanda mbovu.

Kijicho: flashi za kujitegemea zina kitundu kidogo mbele, kwenye mwili, si kwenye kichwa. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwa mtu na kuikata flashi ukitosha, ndiyo kazi ya thairista, swichi ya umeme iliyo ndani. Kwa kuwa kiko mwilini, kichwa kikigeuka kokote chenyewe kinaendelea kumtazama mtu. Unaiambia ASA, inakupa f, unaweka hiyo f kwenye lenzi na kuiacha. Kwenye 283 ni zile rangi nne, njano, nyekundu, bluu na zambarau. Kwa kudundisha chagua rangi inayokupa f iliyo wazi zaidi ili flashi ipumue. Nyingi zina kitaa kinachowaka kukuambia mwanga umetosha: bonyeza kitufe cha jaribio kabla hujapoteza fremu. Kitaa kisipowaka, fungua lenzi uchague rangi inayolingana, au tafuta ukuta wa karibu.

Kasoro ya kijicho ni kwamba kinadanganyika. Gauni jeupe likijaa fremu kinadhani mwanga umetosha mapema, bibi harusi anatoka giza na gauni linatoka kijivu. Mpe stopu moja zaidi.

#11 BintiWaMitaaMingi

Nimeisoma hiyo ya malaika nikacheka kwenye daladala watu wananiangalia.

#12 MvitaNegativu

Salaam aleikum jamaa zangu. Nyote mwasema dari, dari. Hebu na sie wa pwani tuseme.

Nyumba za kikwetu, za Mji wa Kale na Lamu, juu ni boriti. Miti ya mikoko imepangwa, imekuwa myeusi kwa miaka. Ukipeleka mwanga huko haurudi, wamezwa wote. Lakini kuta ni nene na zimepakwa chokaa nyeupe. Basi mie dari siitaki kabisa, nautazama ukuta. Kichwa cha flashi nakizungusha mpaka kinatazama nyuma ya bega langu la kushoto, juu kidogo, kwenye chokaa. Mwanga waja kama wa dirishani, uso wapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, si ule wa kunyesha utosini. Mwenye kuitazama picha hajui hata kama pana flashi. Hapa kichwa cha kunyanyuka tu hakikufai kitu, lazima kizunguke.

Ila uwe karibu na ukuta, mita moja unusu hivi, na mtu wako asikae mbali.

Na mambo ya maulidi: ukiona wazee wamekaa safu na kanzu zao nyeupe, jua hizo nazo ni taa. Nilimpiga babu yangu mmoja amekaa kati ya wawili wenye kanzu, mwanga wamjia toka pande zote mbili, kama amekaa studio. Kinyume chake ni turubai. Harusi ya nje chini ya turubai la bluu, ukidundisha juu wote watakuwa maiti. Hapo nampa kijana ashike shuka jeupe, au nammulika mtu moja kwa moja kama alivyosema bwana wa Bamako.

#13 HalisiBilaPamba

Angalau mmoja amenikumbuka.

#14 FundiWaVolti

Kabla hujanunua flashi ya mnadani, sikia na hili. Flashi za zamani nyingi, zikiwemo 283 za mwanzo, zinapitisha volti nyingi kwenye ile nukta ya katikati inayokaa juu ya kamera. Zipo zinazovuka 200. K1000 haijali, ndani yake ni vyuma viwili vinagusana. Lakini kesho utaipachika kwenye dijitali ya rafiki yako na utamnunulia nyingine. Washa flashi, isubiri ijae, weka mita ya umeme kwenye DC, waya mmoja nukta ya katikati, mwingine kwenye chuma cha pembeni. Namba ikiwa chini ya 10, lala usingizi.

Ikikaa kabatini miaka, usiifyatue mfululizo siku ya kwanza. Iwashe, iache ijae, izime, rudia, kisha fyatua kwa nafasi. Kapasita inakuwa imesahau kazi. Na USIFUNGUE. Ndani kuna zaidi ya volti 300 zinazobaki hata ukitoa betri. Mimi ni fundi na ilinirusha kutoka kwenye stuli.

Kudundisha kunakula betri maana kila mpigo unakaribia nguvu zote. Tumia za kuchaji za NiMH, zinajaza haraka kuliko za kutupa. Kitaa cha tayari kikiwaka hesabu tena mpaka tano ndipo upige, hakimaanishi imejaa kabisa.

#15 FremuYaMwisho

Wakuu nimerudi, wiki tatu baadaye. Nimepata Sunpak 383 iliyotumika, nimeipima kama alivyosema fundi, imesoma 6. Nimepiga mkanda mzima nikiwa na daftari, kila fremu nikaandika f, nimeelekeza wapi, mita ngapi. Matokeo bila kuficha:

Fremu 1 hadi 8, sebuleni kwangu, dari nyeupe, f/8 nguvu zote. Hesabu ya @KaribuGizani imekaa pale pale. Sikuamini kwamba kugawanya kunaweza kuwa picha.

Fremu 9 hadi 14, kamera wima, kichwa kimenyooka halafu nyuzi 90. Hakuna shavu la kijani hata moja. Fremu ya 11 nilisahau nikakinyanyua kwanza, imepiga kabati. Mke wangu ametoka kama anatoka kwenye kabati.

Fremu 15 hadi 19, kadi ya mchango. Dada, macho yapo! Ila 19 niliichomoza sana kadi, imekuwa karibu sawa na ya kumulika usoni.

Fremu 20 hadi 27, nilikwenda kwa shangazi tena. Sikudundisha pembeni. Nilisubiri wote wahamie barazani ambako ukuta ni mweupe, nikageuza kichwa nyuma ya bega kama alivyosema ndugu wa Mvita. Ya 22 ni ya bibi, anachambua mchele kwenye ungo. Mwanga unamjia kutoka kushoto, mchele unaonekana punje punje, na mkono wake wa kulia uko gizani kidogo. Sijawahi kupiga picha kama hiyo.

Fremu 28 hadi 33, ukumbi wa kanisa, paa la mbao. f/2 na bado giza. Malaika hawakutokea.

Tatu za mwisho ni watoto wa jirani wanaruka, flashi moja kwa moja usoni, f/16. @HalisiBilaPamba, ni nzuri. Nimekubali.

#16 HalisiBilaPamba

Weka hapa tuone.

#17 DadaMpigaHarusi

Mimi nataka ya bibi. Hizo za watoto baadaye.

#18 MzeeWaStudio

Ya 22 usiipeleke tena kwa yule wa mkanda umeoza. Nitumie negativu yenyewe kwa basi, nina karatasi chache zimebaki, nitamchapia bibi yako kwa mkono.

#19 FremuYaMwisho

Mzee, ni ya rangi hiyo.

#20 MzeeWaStudio

Ilete hivyo hivyo. Karatasi nilizonazo ni za nyeusi na nyeupe, itatoka na chenga kidogo, na nitakaa nayo gizani dakika nyingi. Mchele utaonekana.